Gunia Halipiki

Likombe, Mtwara
18 Februari 2024

Shemeji Amina,

Salaam aleikum. Mimi mzima. Korosho zimeisha, sasa tunapakia saruji. Jirani yangu Mama Upendo kajifungua mtoto wa kiume. Paa lilivuja upande wa kitanda cha Somoe. Nimeziba.

Naandika barua kwa sababu simu yako huko mpakani ikishika mtandao wa Msumbiji inaongea Kireno na salio linakwisha. Omari wa pikipiki ya samaki kasema ataifikisha.

Jambo lenyewe ni hili. Siku ya arobaini ya mke wangu Asumini, kaka yenu Rajabu alisema mbele ya watu kwamba mwanangu Somoe atakaa Kitaya kwako mpaka mimi nijue kupika. Alisema mtoto halelewi kwa chipsi. Kwenu mjomba akisema kasema. Sikubisha. Siku ile nilikuwa sibishi kitu.

Sasa nataka kujua. Vyakula vingi sitaki. Nataka kimoja, kile alichokuwa akipika mdogo wako, dengu zile ndogo bapa na nyama, sufuria moja. Somoe alikuwa analamba sahani. Jiko ninalo moja na muda sina. Niandikie unaanza na nini, unamaliza na nini. Andika herufi kubwa.

Somoe msalimie. Mwambie kitandani kwake pakavu.

Hemedi


Kitaya
29 Machi 2024

Baba Somoe,

Aleikum salaam wa rahmatullah. Huku tumo kwenye funga, kumi la pili. Mto umepanda, mpunga wa bondeni umeondoka na maji, wa juu umebaki. Mama miguu inamsumbua lakini mdomo haumsumbui. Somoe hajambo, kawa mrefu, anachota maji bila kutumwa. Barua yako ilikaa kwa Omari wiki tatu. Imefika na magamba ya samaki, nimeikuna kwanza ndo nikaisoma.

Umeniuliza upishi. Nimecheka mpaka mama akauliza mtu anachekaje na njaa hii. Mwanaume aliyekuwa akiitiwa chakula mara mbili, leo anauliza dengu zinaanza na nini! Zinaanza na kuchambuliwa, baba. Zina mawe.

Haya, shika kalamu. Dengu chambua, osha. Nyama ya mbuzi katakata na mifupa yake. Kitunguu, nyanya, saumu, tangawizi, binzari, ukwaju uliokamuliwa, chumvi. Tia vyote sufuria moja, maji yapite juu vidole viwili, funika, chochea. Vikiiva vimeiva. Hata mtoto anaweza.

Wewe sijui.

Lakini usijisumbue sana na mambo haya. Una kazi ngumu. Somoe huku kazoea.

Amina


Likombe
14 Aprili 2024

Shemeji,

Idd imepita salama. Niliswali. Nilivaa kanzu ile ile. Mtoto wa Mama Upendo kapewa jina la Frank. Mimi mzima isipokuwa jino.

Nilipika siku ya Idd. Barua yako niliibandika ukutani nikaifuata. Nyama iliiva. Dengu hazikuiva. Nilichochea saa nzima, hazikuiva. Nikaongeza saa ya pili, mkaa ukaisha. Nikaenda wanakobangulia korosho, wakanipa maganda ya bure, nikatia jikoni. Yanawaka vizuri. Moshi wake mkali na wote uliingia kwenye sufuria.

Nilimwita nyapara wetu Anold aje kula, kwa sababu hana familia hapa mjini na siku ya sikukuu mtu hakai hivi hivi. Alikula vijiko vitatu. Midomo ikaanza kumvimba. Akaniuliza, "Hemedi, mimi nimekukosea nini?"

Nikamwambia hujanikosea.

"Basi mbona unanilisha kokoto za moto?"

Tangu kesho yake ananiita Mpishi Mkuu. Sasa ghala zima wananiita hivyo. Hata dereva wa lori.

Kuna kitu umesahau kuandika. Angalia vizuri, uniambie.

Umesema nisijisumbue. Sijisumbui. Ni mwanangu.

Nimempa Omari daftari na peremende kumi za Somoe.

Hemedi


Kitaya
20 Juni 2024

Baba Somoe,

Natumai jino limetulia. Nimechelewa kujibu, tulikuwa tunavuna. Peremende zilifika saba. Omari anasema barabara mbaya.

Dengu zako kutoiva ni ubovu wa dengu zenyewe, au maji ya mjini. Mimi nilikuandikia sawasawa.

Hayo niliyaandika jana. Leo naandika kweli. Somoe kaiokota barua yako na kaisoma yote, na mwandiko wako ule. Akaja kunisuta nikiwa na wageni. Kasema, "Mama mkubwa, mbona umemwambia baba atie ukwaju mwanzo? Mama alikuwa anatia mwisho. Ukitia mwanzo dengu zinanuna."

Nikamwambia, nyamaza, wakubwa wanazungumza.

Akasema, "Na wewe hujawahi kupika dengu."

Wageni wakaangalia pembeni.

Ni kweli sijawahi. Huku tunakula mbaazi na samaki, na ming'oko ya porini ikitoka tunachimba mizizi yake. Dengu na nyama Asumini alijifunza huko huko kwenu mjini. Mimi ndiye niliyemfundisha yule kushika mwiko. Kwamba alikuja kujua kitu nisichokijua mimi, mkono ulikataa kuandika. Nikakisia.

Basi ukwaju mwisho, sufuria ikishaiva. Nyanya nazo usizitangulize. Na maganda ya korosho usirudie, utaua mtu halafu waseme alitumwa na wakwe.

Hili la kutojua usinijibu. Jibu mengine.

Amina


Likombe
7 Julai 2024

Shemeji,

Najibu mengine. Jino nimeng'oa. Midomo ya Anold imepona, jina langu halijapona.

Nimetia ukwaju mwisho. Dengu zimeiva mpaka zimevurugika zenyewe, mchuzi mzito. Somoe yuko sahihi.

Ikabaki shida ya muda. Kazini naingia saa kumi na mbili na nusu, natoka saa kumi na moja jioni. Nikirudi ndo nianze kuchochea, mtoto atakula saa ngapi? Nimefikiria wiki mbili. Halafu nikaliangalia birika letu la chai kule ghalani. Tunalifunga gunia asubuhi, saa nne chai bado inaunguza ulimi.

Nimefanya hivyo kwa sufuria. Alfajiri nabandika nyama, dengu, kitunguu na viungo. Nyama naikata ndogo. Inatokota kwelikweli dakika ishirini na kifuniko juu, sifunui tena. Natoa, naweka ndani ya boksi la mbao lenye maranda ya seremala, nazungushia magunia manne ya korosho niliyoyafua, nakaza kamba. Naenda zangu kazini. Jioni nafungua, ya moto, nyama inaachia mfupa. Natia ukwaju na nyanya, narudisha motoni ichemke kidogo, tayari. Mtoto akitoka shule anaweza kufika akamkuta baba hayupo lakini chakula kipo.

Mwambie Rajabu nimejua kupika. Mwambie aje aonje. Shule zikifunguliwa Januari nataka Somoe awe hapa.

Hemedi


Kitaya
2 Septemba 2024

Baba Somoe,

Hatujambo. Mama kasikia habari ya magunia, sasa anakuita mkwe wa ghalani. Somoe kang'oka meno mawili ya mbele, anacheka kama bibi yake. Kapewa bata na jirani, kamwita Mtwara. Tunalala kitanda kimoja, ananipiga mateke. Sisemi kwa kulalamika.

Rajabu nimemwambia. Nilikuwa nangoja nafasi ya kumwambia. Nafasi imepatikana jana.

Atakuja mwisho wa mwezi huu, ana bati za kununua mjini. Atalala kwako. Anakula sana, usipike kibahili.

Amina


Likombe
29 Septemba 2024

Shemeji,

Mimi mzima. Kaka yako naye mzima, alivyotoka hapa.

Alifika Ijumaa. Jana alfajiri nilipika yeye akiwa bado amelala, nikafunga magunia, nikamwamsha. Nikaenda naye ghalani aione kazi yangu, kisha mjini kwenye bati. Nyumba nilipiga kufuli, ufunguo nikampa yeye, ili asiwe na wasiwasi. Hapo ndipo nilipoharibu.

Jioni kafungua mlango mwenyewe. Jiko limezima. Aligusa majivu, ya baridi. Nikafungua magunia, nikafunua sufuria, mvuke ukatoka. Nikatia ukwaju hivyo hivyo kwa sababu alishakaa mkekani. Kala sahani mbili, kaguguna mifupa, kanawa.

Akasema, "Shemeji, chakula kizuri."

Nikasema alhamdulillah.

Akasema, "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwanamke."

Nikamwambia hakuna mwanamke. Akasema, "Mlango una kufuli, jiko limekufa, chakula cha moto. Hemedi, mimi siyo mtoto." Nikamwonesha boksi. Nikamwonesha magunia. Kayapapasa yote manne. Akasema, "Gunia halipiki."

Kachungulia uvunguni. Kazunguka nyuma ya choo. Kisha akaenda kumuuliza Mama Upendo ananijua kwa kiasi gani. Mama Upendo alimjibu. Majibu yake siandiki.

Asubuhi hii kaondoka na bati zake. Kasema mtoto wa dada yake hamkabidhi kwa mama wa kambo anayefichwa, angekuwa wa wazi wangezungumza.

Chakula kibaya sipewi mtoto. Chakula kizuri sipewi mtoto. Niambie nipike cha namna gani.

Hemedi


Kitaya
20 Oktoba 2024

Baba Somoe,

Pole. Mama kasema pole pia, kisha akaniuliza kama huyo mwanamke ana watoto.

Kijiji kizima kinamjua sasa. Ni mweupe, ana meno ya dhahabu, katoka Nanyamba, baba yake ana mikorosho mia mbili. Mimi mwenyewe nikichota maji naambiwa habari zake mpya.

Rajabu kasema na neno jingine. Kasema kama shemeji anataka mke, si Amina huyo hapo, kaachika, kakaa bure, mambo yangeisha nyumbani. Mimi nilimwaga maji ya vyombo karibu na miguu yake. Likikufikia neno hilo, ujue mimi limenipita. Na wewe likupite.

Somoe kaniuliza kama ni kweli una mwanamke. Nikamwambia sijui. Siku mbili hakula chakula cha jioni. Siku ya tatu kala. Ningeweza kumwambia hapana, kwa sababu wewe hujui kusema uongo, hata ule mdogo wa kufurahisha watu. Sikumwambia.

Rajabu anasema kama kweli gunia linapika, uje upike huku. Hapa uani kwetu, mchana, mbele yake, na alinde mwenyewe mpaka lifunguliwe. Likiiva, mtoto utaondoka naye. Lisipoiva, lisizungumzwe tena.

Mwanaume kuchochea jiko uani kwa wakwe zake, hapa Kitaya halijaonekana. Watakucheka mpaka wajukuu wao wacheke. Ukikataa hakuna atakayekulaumu. Mimi sitakulaumu.

Amina


Likombe
3 Novemba 2024

Shemeji,

Nitakuja Jumamosi tarehe 28 Desemba. Kabla ya hapo msimu umechanganya, ruhusa hakuna.

Nakuja na sufuria, boksi, magunia na dengu. Mbuzi nitapata huko.

Aibu nimeipima. Nitaibeba, kubeba ndo kazi yangu.

Lile neno la Rajabu limenipita.

Hakuna mwanamke. Mwambie Somoe. Mwambie kwa maneno hayo hayo matatu, neno hakuna na neno mwanamke na jina langu chini.

Hemedi


Kitaya
26 Januari 2025

Baba Somoe,

Salaam aleikum. Natumai mlifika salama na kwamba Somoe hakutapika njiani. Mvua imeanza. Mama anauliza kila siku kama ameanza shule, nikimjibu anauliza tena. Bata Mtwara kataga, kumbe jike.

Mambo ya siku ile unayajua, ulikuwepo. Uliona wanawake wote wa jirani wakija kuazima chumvi, mpaka waliokuwa na chumvi mkononi. Ulimwona Rajabu alivyokaa juu ya magunia tangu saa tatu kama kuku anayelalia mayai. Ulimsikia jirani yetu Bi Hadija akimuuliza kama vifaranga wataanguliwa leo au kesho. Hayo siyaandiki. Naandika usilolijua.

Adhuhuri mlipokwenda msikitini Rajabu kaniita pembeni. Kasema, "Amina, kaa wewe hapo. Mwingine simwamini. Wewe ndo humtaki mtoto aondoke."

Sijawahi kumwambia hivyo. Sijamwambia mtu.

Nikakaa. Somoe alikuwa ndani anapanga nguo zake kwenye kiroba, hajatumwa na mtu. Nikasimama, nikafungua kamba. Nikatoa gunia la kwanza, nikatoa na mengine yote. Nilitaka nifunue, moto utoke, nifunge tena. Mngerudi mkute dengu mbichi, nawe ungerudi Likombe na boksi lako, na hakuna ambaye angejua. Siyo dhambi kubwa, nilijiambia, ni dengu tu.

Nikashika kifuniko. Kikaniunguza kidole. Nikakiinua kidogo upande mmoja, na harufu ikatoka. Unakumbuka Somoe alipozaliwa, nilivyokuja kwenu nikakaa mwezi? Asumini hajapona hata vizuri, akainuka akanipikia chakula hicho, akakaa mbele yangu kuniangalia nikila. Nikamwambia chumvi imezidi. Haikuwa imezidi. Ilikuwa tamu kuliko vyangu vyote, na sikumwambia siku ile wala siku nyingine, na sasa hayupo.

Nikarudisha kifuniko. Nikarudisha magunia. Nikafunga, nikakaa juu yake mpaka mliporudi.

Mengine unayajua. Rajabu kafungua, imeiva, kala sahani tatu kisha akasema haya, gunia linapika. Somoe akaenda kuvaa viatu.

Sikuandika haya ili unisamehe. Nimeandika kwa sababu kidole kimefanya kidonda na watu wananiuliza nimeungulia wapi, na nimechoka kujibu chai.

Ijumaa nilisonga ugali kwa kipimo kile cha zamani. Mama hali siku hizi. Nikaula wote, wangu na wa Somoe. Nikaumwa tumbo mpaka Jumamosi. Sisemi zaidi.

Amina


Likombe
2 Februari 2025

Shemeji,

Aleikum salaam. Somoe mzima. Hakutapika. Kaanza darasa la tatu. Anasema bado sipiki kama mama yake, na anakula. Anold kaja Ijumaa, kala akiwa amesimama karibu na mlango, kisha akakaa.

Kamba niliiona. Nafunga magunia mwaka wa kumi na tisa sasa, fundo langu nalijua hata kwa mkono tu. Lile halikuwa langu. Lilikuwa fundo la kufungia kuku. Nililiona kabla Rajabu hajaligusa. Nikajua limeshafunguliwa, dengu mbichi. Nikawa nafikiria nitamwambia nini Somoe, na yeye kiroba anacho tayari mkononi.

Kisha Rajabu akafunua.

Sikukuuliza siku ile na sikuulizi leo. Somoe hajui. Rajabu hajui. Barua yako nimeichoma jikoni.

Kidole kipake asali.

Shule zinafungwa mwezi wa sita. Nakuletea Somoe siku hiyo hiyo, na pikipiki ya Omari, samaki wake watangoja. Likizo yote ni yako. Na ya Desemba.

Mpaka hapo pika kidogo.

Hemedi